Kueleza Mchoro wa Hatua katika Mtihani wa IELTS: Andika Unachokiona

Julai 2021, Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwafungulia wahudumu wa afya Wakenya wasio na ajira milango ya hospitali za Uingereza. Kabla ya mwaka huo kwisha, Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alitangaza habari iliyowashtua wengi: kati ya wauguzi wapatao 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, waliopita walikuwa 10 tu. Watu waliulizana inakuwaje mtu aliyesomeshwa kwa Kiingereza tangu darasa la nne hadi chuo cha uuguzi aanguke Kiingereza.

Inawezekana, kwa sababu mtihani wa lugha hupima mambo mawili kwa pamoja: lugha yenyewe, na uwezo wa kulijibu swali jinsi linavyotaka kujibiwa. Hilo la pili haliji kwa kuishi na lugha miaka mingi. Makala haya yanachukua swali moja la IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, linalowakwamisha hata wenye Kiingereza kizuri: lile linalokupa mchoro wa namna kitu kinavyotengenezwa au kinavyotokea, kisha likakutaka uueleze kwa maneno.

Mifano yetu inatoka Ndalu, kule Tongaren katika Kaunti ya Bungoma, ambako mpaka wa Trans Nzoia hauko mbali na gari la Kitale ni la kila siku. Mtu wa huko amekua akiona mahindi yakivunwa, miwa ikipakiwa kwenye trela na matofali yakichomwa. Ameona kazi za hatua kwa hatua maisha yake yote. Hapo ndipo penye mtego: mchoro wa kitu unachokijua vizuri hukushawishi uandike unayoyajua, ilhali mtahini anataka uandike yaliyochorwa. Shika hilo moja, mengine yote yatafuata.

Je, swali hili linakuhusu?

IELTS ina aina mbili. Ya kwanza ni Academic, inayohitajika na vyuo vikuu vingi na mabaraza ya taaluma. Ya pili ni General Training, inayotumiwa zaidi na wanaohamia nchi kama Kanada kwa kazi au makazi. Swali la mchoro liko katika Academic peke yake. Katika General Training, swali la kwanza la kuandika ni barua. Hakikisha unajua unayotakiwa kufanya kabla ya kulipa ada, maana kufanya aina isiyotakiwa ni kupoteza pesa na muda.

Muuguzi anayetaka kusajiliwa Uingereza na NMC, baraza la wauguzi na wakunga la huko, akichagua IELTS hutakiwa afanye Academic. Alama zinazohitajika ni 7 katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Baraza hilo hupokea pia mtihani uitwao OET, uliotungwa kwa ajili ya watu wa afya, ambao sehemu yake ya kuandika ni barua kuhusu mgonjwa. Anayeona michoro na grafu si fani yake anaweza kuulizia huo kwanza. Matokeo ya IELTS hutumika kwa miaka miwili, kwa hiyo usikimbilie mtihani kabla stakabadhi zako nyingine hazijakaribia kukamilika.

Katika Academic, kuandika huchukua dakika 60 na kuna maswali mawili. La kwanza linahitaji maneno yasiyopungua 150 na unashauriwa ulitumie dakika 20. La pili ni insha ya maneno yasiyopungua 250, na uzito wake ni mara mbili ya la kwanza. Swali la kwanza linaweza kuja kwa sura nyingi: grafu, jedwali, ramani, au mchoro wa hatua. Huwezi kujua siku yako litakuja lipi. Wanaojiandaa wengi hufanya mazoezi ya grafu tu, na mchoro wa hatua ukitokea, kalamu inakwama.

Alama zinatoka wapi

Mtahini hukupima kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa: kulijibu swali lilivyoulizwa, mpangilio na muunganiko wa mawazo, msamiati, na sarufi. Kila kimoja ni robo ya alama za swali hilo.

Kigezo cha kwanza ndicho kinachowaangusha watu wengi. Viwango vilivyotangazwa na wenye mtihani viko wazi: jibu la alama 7 lina maelezo ya jumla yanayoeleweka kuhusu hatua kuu. Jibu linaloorodhesha hatua moja baada ya nyingine bila kusema picha nzima ikoje huishia kwenye 5 katika kigezo hicho. Piga hesabu. Mtu akipata 7 katika vigezo vitatu na 5 katika hicho kimoja, wastani wake unashuka hadi 6.5. Nusu alama imepotea kwa kukosa sentensi mbili.

Mwanzo ni kutazama

Dakika tatu za kwanza usiandike sentensi hata moja. Tazama mchoro ukijiuliza maswali haya:

Mwanzo uko wapi, na mwisho uko wapi? Mara nyingi kuna mshale, namba, au picha ya malighafi upande mmoja na bidhaa upande mwingine.

Je, ni mstari au mviringo? Kutengeneza unga kuna mwanzo na mwisho. Maisha ya mdudu yanazunguka na kurudi yalikoanzia.

Hatua ni ngapi? Zihesabu na uandike namba pembeni.

Kuna mahali mshale unagawanyika, au unaporudi nyuma? Hapo pana alama zako, kwa sababu wasio makini hupapita.

Kuna namba gani: siku, nyuzi za joto, kilo, asilimia? Zizungushie duara. Namba iliyoandikwa kwenye mchoro imewekwa hapo itumike.

Maneno gani yameandikwa kwenye mchoro? Majina ya vitu unaruhusiwa kuyatumia, lakini yatakuja kama majina matupu. Vitenzi ni kazi yako kuvitafuta.

Mfano: mahindi kutoka shambani hadi kwenye pakiti

Chukua mchoro huu wa kufikirika, wenye picha nane zilizounganishwa kwa mishale. Picha ya kwanza: mtu anakata mabua ya mahindi kwa panga. Ya pili: mabua yamesimamishwa kwa mafungu shambani, na chini pameandikwa wiki mbili hadi tatu. Ya tatu: mahindi yanamenywa maganda. Ya nne: mashine ya kupukuchulia, na pembeni yake mshale mdogo unaopeleka magunzi kwenye moto jikoni. Ya tano: punje zimeanikwa juani kwenye turubai, pameandikwa unyevu asilimia 13.5. Ya sita: magunia ya kilo 90. Hapo mshale unagawanyika, mmoja unaenda kwenye ghala na mwingine kwenye kinu. Ya saba: kinu kinasaga. Ya nane: pakiti za unga za kilo mbili.

Mtu wa Ndalu akiona mchoro huu anatabasamu. Anajua kwamba asilimia 13.5 ndiyo unyevu unaotakiwa na Bodi ya Nafaka na Mazao. Anajua kwamba mahindi yasiyokauka huota kuvu na kutoa sumu ya aflatoksini. Anajua bei ya gunia msimu uliopita na madalali wanaowasubiri wakulima njiani. Yote hayo ni kweli, na yote hayamo kwenye mchoro. Akiandika hata sentensi moja ya bei au ya madalali, ametumia maneno yake kwa jambo ambalo halitampa alama, na mtahini anaweza kuona kwamba hakujibu swali.

Jibu lake linatakiwa kuwa na aya nne fupi.

Aya ya kwanza ni utangulizi wa sentensi moja. Kazi yake ni kusema mchoro unahusu nini kwa maneno yako mwenyewe. Swali likisema "The diagram below shows how maize flour is produced", usiyanakili maneno hayo, kwa sababu yaliyonakiliwa hayahesabiwi kuwa yako. Geuza kitenzi na muundo:

"The diagram illustrates how maize is harvested, dried and turned into flour."

Aya ya pili ni ile ya maelezo ya jumla, ndiyo yenye uzito. Hapa husemi jinsi kila hatua inavyofanyika. Unasema idadi ya hatua, zinaanzia wapi na kuishia wapi, na umbo la kazi nzima likoje:

"Overall, the process consists of eight stages, beginning with the cutting of the stalks and ending with the packing of the flour. The first six take place on the farm and the last two at a mill, although some of the grain is sent to a store instead."

Angalia hiyo sentensi ya pili. Hakuna mahali kwenye mchoro palipoandikwa kwamba hatua sita ni za shambani. Mwandishi ameziangalia picha akaona zinajigawa zenyewe. Kuona mgawanyo wa namna hii ndiko kunakotenganisha jibu la 7 na jibu la 5. Mchoro wowote utakaopewa, tafuta mahali unapoweza kuukata vipande viwili: kabla na baada ya kuingia kiwandani, kazi ya mkono na kazi ya mashine, juu ya ardhi na chini ya ardhi.

Aya ya tatu na ya nne zinaeleza hatua zenyewe, zikigawana hatua hizo nusu kwa nusu. Kwa mchoro wetu, aya ya tatu inabeba hatua nne za mwanzo:

"First, the stalks are cut with a machete and stacked upright in the field, where they are left for two to three weeks. The husks are then removed, and the maize is fed into a machine which separates the grain from the cobs. The empty cobs are not thrown away but are used as fuel for cooking."

Aya ya nne inamalizia:

"Once the maize has been shelled, the grain is spread on a sheet in the sun until its moisture content falls to 13.5 per cent. It is then put into 90-kilogram sacks. At this point the process divides: some of the sacks are taken to a store, while the rest are delivered to a mill, where the maize is ground into flour. Finally, the flour is packed in two-kilogram packets."

Jibu limekwisha, na limevuka maneno 150 bila kutafuta ya kujazia. Halina hitimisho, na halilihitaji. Aya ya pili imeshafanya kazi hiyo.

Sarufi: ni nani anayefanya?

Katika mchoro wa kazi ya binadamu au ya kiwanda, anayefanya hana umuhimu. Kinachofuatwa ni kitu: mahindi yamefanywa nini, yakaenda wapi. Ndiyo maana vitenzi vingi vya hapo juu viko katika kauli ya kutendwa. Kiswahili kinakupa kauli hiyo bila shida: hukatwa, huanikwa, husagwa, hupakiwa. Ukiweza kuusimulia mchoro mzima kwa vitenzi vya hu- vinavyoishia na -wa, umeshapata mifupa ya jibu lako. Kila kimoja kitaingia Kiingereza kwa umbo moja: "is cut", "is spread", "is ground", "is packed". Wakati ni uliopo wa kawaida tangu mwanzo hadi mwisho.

Mkenya aliyepita sekondari ana faida asiyoijua. Katika somo la biolojia uliandika ripoti ya kupima wanga kwenye jani: jani lilichemshwa, likatiwa kwenye kileo, likaoshwa, likadondoshewa iodini. Uliandika kwa kauli ya kutendwa, bila kumtaja mwanafunzi aliyefanya. Mtindo ni huohuo. Tofauti ni wakati: ripoti ya maabara husimulia lililofanyika siku fulani, kwa hiyo ni "was boiled". Mchoro wa hatua hueleza linalofanyika kila mara, kwa hiyo ni "is boiled".

Zoea jingine la shule linadhuru. Katika karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE, mtahiniwa huweza kuulizwa aandike maelekezo ya kupika chakula, naye huandika kwa kuamuru: kata, kaanga, koroga. Ukileta mtindo huo kwenye IELTS, "Cut the stalks. Dry the grain", unamwelekeza mtahini kazi ya shamba badala ya kumweleza mchoro. Usitumie amri hata mara moja.

Kuna makosa madogo yanayotokana na mazoea ya Kiswahili, na msahihishaji huyaona haraka. Kwetu mahindi ni mengi na yana kiambishi cha wingi. Kwa Kiingereza "maize" haina wingi, kama zilivyo "flour", "water", "equipment" na "machinery". Usiandike "maizes are dried". Vilevile Kiswahili hubeba mtenda ndani ya kitenzi, jambo linalowafanya baadhi yetu waandike "the maize it is dried". Hiyo "it" iondoke. Na kitu kimoja kinachohesabika kinapotajwa mara ya kwanza huchukua "a", kikitajwa tena huchukua "the": kwanza "a machine", kisha "the machine".

Maneno ya kuunganisha, kwa kiasi

Jibu linaloanza kila sentensi kwa "Then" au "After that" linachosha, na alama ya mpangilio hushuka. Njia tatu zinatosha kulifanya lisomeke.

Ya kwanza ni kuonyesha kwamba hatua moja imekamilika ndipo nyingine ianze. Kiswahili hufanya hivyo kwa -kisha-: yakishapukuchuliwa, zikishakauka. Kiingereza hutumia "Once" au "After" pamoja na "has been": "Once the grain has been dried, it is put into sacks."

Ya pili ni kuunganisha mahali na tendo kwa "where": mahindi yanapelekwa kwenye kinu, ambako yanasagwa. Sentensi moja inabeba hatua mbili, nawe unaonyesha sarufi pana zaidi.

Ya tatu ni kusema mambo yanayofanyika kwa wakati mmoja au njia zinazogawanyika: "while", "at the same time", "at this point the process divides". Mshale unaogawanyika ukielezwa vizuri hung'arisha jibu zima.

Acha "whereby", neno ambalo Wakenya wengi hulichomeka kila mahali. Acha pia "firstly, secondly, thirdly" hadi ya nane. "First" moja mwanzoni na "Finally" moja mwishoni zinatosha, katikati tumia njia zilizotajwa.

Mchoro unaozunguka: maisha ya kiwavijeshi

Michoro mingine haina binadamu wala mashine. Mwaka 2017 wakulima wa magharibi mwa Kenya walivamiwa na viwavijeshi vamizi, wadudu wenye asili ya mabara ya Amerika ambao hula mahindi kuanzia jani hadi gunzi. Mzunguko wa maisha yao ni mfano mzuri wa mchoro wa aina hii: yai, kiwavi, bundo (pupa), nondo, kisha yai tena.

Hapa sarufi inageuka. Mdudu anafanya mwenyewe, kwa hiyo vitenzi vinarudi kwenye kauli ya kutenda:

"The female moth lays her eggs on the leaves. After two or three days the eggs hatch, and the larvae feed on the plant before dropping to the ground, where they burrow into the soil and become pupae. Adult moths then emerge, and the cycle begins again."

Usilazimishe kauli ya kutendwa mahali isipostahili. "The eggs are hatched" si namna ya kusema jambo hili, kwa sababu mayai hupasuka yenyewe bila wa kuyaangua. Kanuni ni rahisi: kazi ya kiwandani na shambani, kitu hutendwa. Kazi ya maumbile, kitu hutenda. Katika maelezo ya jumla ya mchoro wa aina hii, neno ambalo halikosi ni "cycle", pamoja na idadi ya hatua na muda wote ikiwa umetolewa.

Mchoro wa kiwanda: miwa ya Nzoia

Ukitaka mazoezi ya mchoro mgumu, fikiria kiwanda cha sukari cha Nzoia, kilichoanza kusaga miwa mwaka 1978. Miwa hukatwa vipande na kukamuliwa. Maji yake hupashwa moto na kusafishwa kwa chokaa. Kisha huchemshwa hadi yawe mazito, na fuwele za sukari huanza kujijenga. Mashine inayozunguka kwa kasi hutenganisha sukari na molasi. Sukari hukaushwa na kutiwa magunia.

Ugumu uko kwenye makapi. Yanayobaki baada ya kukamua hayatupwi: huchomwa kwenye tanuri la kuzalisha mvuke, na mvuke huo huendesha mitambo ileile iliyokamua miwa. Kwenye mchoro utaona mshale unaorudi nyuma. Wengi hawajui wauweke wapi katika maandishi, wakauacha. Uweke palepale makapi yanapotokea, kwa sentensi moja, kisha urudi kwenye njia kuu:

"The fibre that remains is burnt to produce steam, which powers the mill."

Ukikutana na neno la kitaalamu usilolijua, usihangaike. Mtihani hauhitaji ujuzi wa kemia. Mashine ikiwa imeandikwa jina, tumia jina hilo. Ikiwa haikuandikwa, sema inachofanya: "a machine which spins at high speed". Vitenzi vichache vitakusaidia katika karibu mchoro wowote: "is collected", "is transported", "is heated", "is mixed with", "is separated from", "is filtered", "is cooled", "is stored". Vijue pamoja na vihusishi vyake, kwa sababu "mixed" bila "with" na "separated" bila "from" huacha sentensi ikining'inia.

Dakika 20 zigawe hivi

Dakika tatu hadi nne: tazama, hesabu hatua, zungushia namba, amua utaukata mchoro wapi.

Dakika 12 hadi 13: andika aya nne. Usiandike kwa vidokezo au orodha yenye namba. Sentensi kamili, aya kamili.

Dakika tatu za mwisho: soma ukitafuta mambo manne tu. Kila kitenzi kipo wakati uliopo? Kila nomino ina "a" au "the" inapostahili? Kila namba ya kwenye mchoro imetajwa? Kila mshale umesemwa?

Dakika 20 zikiisha, nenda kwenye insha hata kama sentensi moja haijakupendeza. Insha ina uzito mara mbili, na kuiibia dakika kumi ili urembeshe mchoro ni hasara. Ukiufanya mtihani kwenye kompyuta, utaona idadi ya maneno chini ya ukurasa. Kati ya 160 na 190 panatosha. Anayeandika 250 hapa hana budi kuwa amerudia, au ameanza kueleza yasiyochorwa.

Namna ya kujizoeza bila mwalimu

Huhitaji kwenda Nairobi kulipia mafunzo ndipo uanze. Nenda kwa jirani anayechoma matofali, au kwa kinu cha sokoni, au mahali maziwa yanapopokelewa asubuhi. Chora ulichokiona kwa visanduku na mishale, si zaidi ya kumi. Andika majina ya vitu tu, usiandike vitenzi. Ukikaa siku mbili ndipo urudi kwenye mchoro wako, utakuwa na swali la mtihani ulilolitunga mwenyewe. Liandikie jibu ukitazama saa.

Zoezi la kusahihisha linahitaji mtu mmoja anayesoma Kiingereza: ndugu, mwalimu wa shule ya msingi, mwanafunzi wa sekondari. Mpe jibu lako ulilomaliza, lakini usimwonyeshe mchoro. Mwombe achore hatua hizo kwa kufuata maneno yako peke yake. Usimsaidie, usimweleze. Akimaliza, weka michoro miwili kando kwa kando. Sanduku lisilokuwepo kwake ni hatua uliyoiruka. Mshale ulioelekea pabaya ni kiunganishi ulichokitumia vibaya. Kitu alichokichora ambacho kwako hakipo ni ujuzi wako mwenyewe ulioingia bila kuitwa. Sahihisha palepale, uandike upya, umpe mtu mwingine. Michoro miwili ikilingana mara tatu mfululizo kwa kazi tatu tofauti, jiandikishe.